Utamu Uliowekwa Rehani

Sogeeni, niwape ngano. Mnasikia? Haya!

Sultani Makame alikopa dhahabu kwa zimwi wa pangoni, akajenga jumba la dhahabu. Zimwi akachukua rehani utamu wa asali ya nchi nzima. Sultani akakopa tena, akaweka milango ya fedha. Zimwi akachukua ladha ya chumvi. Mara ya tatu sultani akataka dhahabu ya karamu.

“Sasa nipe utamu wa maziwa ya mama,” zimwi akasema.

Sultani akakubali. Lakini Mwanamize, mama aliyejifungua juzi, akaingia barazani na kichanga chake.

“Mwinyi, huyu hatakula karamu yako. Mbona alipe yeye?”

Sultani akaona aibu. “Tubomoe jumba,” akasema.

Watu wakabomoa, wakabeba dhahabu na milango hadi pangoni huku wakiimba. Zimwi akadai faida. Sultani akavua taji, akamwongezea. Zimwi akaachia rehani zote.

Baadaye mgeni alicheka kumkuta sultani katika nyumba ya udongo. Sultani akamtandikia mkeka.

“Keti, mgeni wangu. Udongo huu hatukuukopa kwa mtu.”

Ngano nimeitua hapo, anayeitaka aibebe.