Matanga ya Fisi Aliye Hai

Paukwa?
Pakawa.
Kijito?
Kikaugua.
Kaugua nini?
Taka za Fisi.

Basi sogeeni karibu, maana hadithi hii haipendi kusikilizwa na mtu aliye peke yake.

Juu kijitoni aliishi Fisi, mkubwa wa mwili, mkubwa wa tumbo. Akila mbuzi, mifupa mtoni: chubwi! Mkeka ukichakaa, mkeka mtoni: chubwi! Chupa, mifuko ya nailoni, manyoya yake mwenyewe: chubwi, chubwi! Kule chini Kaa, Konokono na Chura walijitolea kuokota, bila ujira. Wao wakiokota, kwaru kwaru, yeye anatupa, chubwi! Walipomwomba aache, alicheka akasema mto ni wa Mungu.

Maji yakawa mazito, yakanyamaza. Viluwiluwi wa Chura wakaanza kuelea matumbo juu, na mama yao akalia mpaka sauti ikamkauka.

Kaa akasema, "Leo hatuokoti. Leo tunazika."

Wakapanga taka za Fisi juu ya jiwe: mifupa ikawa miguu, mkeka ukawa mgongo, manyoya wakayabandika juu. Wakafunika kwa jani la mgomba, wakafukiza ubani. Ukungu ukashuka. Nawaambieni, lile umbo liliwatisha hata walioliunda.

Fisi aliposikia kilio alijua pana pilau, akaja mbio. Akapiga hodi, kimya. Akasalimu, kimya. Akauliza nani katutoka.

Kaa akamwambia Chura, kana kwamba hapana mwingine, "Maskini Fisi. Alijitupa mtoni kidogo kidogo, nasi tumemwokota kidogo kidogo."

"Fisi si mimi hapa?"

Hakuna aliyegeuka. Fisi akafunua jani, akaona manyoya yake. Akakimbilia maji ajitazame uso. Maji yalikuwa machafu mno, uso haukuwamo.

"Laiti mabaki yake yote yangetolewa majini," Kaa akaomboleza, "huenda angerudi."

Fisi akajitosa. Akazoa mifupa, kwaru. Akazoa chupa, kwaru. Akizoa kidogo, sikio lake likaonekana majini. Akizoa tena, jicho. Alizoa mpaka kwenye chemchemi, akainama, akauona uso wake mzima. Akalia kama mtoto. Ndipo Kaa akamwitikia salamu, na viluwiluwi waliobaki wakaanza kucheza miguuni pake.

Tangu hapo Fisi hatoki kijitoni. Jani likidondoka tu, analifuata akitetemeka. Na wewe ukipita pale ukatupa ganda la ndizi, matete yataachana polepole, na sauti itakuuliza kwa upole kabisa:

"Nani ananiua tena?"

Funzo lake, ndugu zangu, ni kwamba uongo haufai hata chembe. Hata Chura atawaambia hivyo, akimaliza kuwaogesha wanawe.

Hadithi yangu naiacha hapa ukingoni. Mwenye taka mkononi, arudi nayo kwake.