Maziwa ya Asubuhi Moja

Ng'ombe hapimwi kwa maziwa ya asubuhi moja. Methali hii ilianza hivi, na acheni kucheka, maana najua mnadhani ilizaliwa zizini. Zizini ilipita tu. Iliyoizaa ni simu ya Mwanatumu binti Shemdoe, kule Muheza, siku zile watu walipoanza kununua hisa kwa simu kama wanavyonunua vocha.

Mwanatumu alikuwa na pesa za ada ya chuo cha uuguzi, alizoachiwa na marehemu baba yake, lakini zilipungua kidogo. Akajiunga na darasa la Mwalimu Mhina, aliyefundisha biashara ya hisa: unanunua asubuhi, unauza jioni, unalala na faida. Mwalimu aliwachorea mistari miwili ubaoni. Wa kwanza ulikuwa bei yenyewe, unaruka juu na chini kama mwanambuzi. Wa pili ulikuwa wastani wa bei za siku saba, unakwenda taratibu.

“Utazameni huu wa pili kabla hamjagusa kitu. Mmeelewa?”

Mwanatumu aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Wallahi hakuelewa hata chembe, ila aliona haya kuuliza.

Basi akaanza. Mara tatu alinunua, bei ikashuka kidogo, akauza kwa woga. Na mara zote tatu bei ikapanda akiwa ameshatoka. Ada ikazidi kumeguka. Zilizobaki akazitia zote kwenye hisa za kiwanda kimoja cha saruji, kwa shilingi mia tisa kila hisa. Baada ya siku chache, asubuhi, bei ikaporomoka hadi mia nane na ishirini. Mwanatumu alikuwa amekaa jikoni, jasho linamtoka, kidole kinaelea juu ya neno “Uza”. Aliiona sare ya uuguzi ikimponyoka hivi hivi.

Hapo mama yake, Bi Mwanaidi, akaingia na maziwa nusu ndoo, dalali wa ng'ombe aitwaye Kilua anamfuata nyuma.

“Bi mkubwa, ng'ombe huyu kwisha kazi. Lita nne? Niuzie leo, kesho hutapata mnunuzi.”

“Wee Kilua, unanijua au unanisikia? Ng'ombe hapimwi kwa maziwa ya asubuhi moja. Njoo uone.”

Ukutani palikuwa na alama saba za mkaa, moja kwa kila siku, na lita za siku hiyo kando yake. Kila asubuhi Bi Mwanaidi alifuta ile kongwe, akachora mpya, kisha akajumlisha zote na kugawanya kwa saba.

“Juma lililopita nilikuwa napata lita nane kwa siku. Leo, hata na hizi nne zako, nikigawanya napata nane na nusu. Jana bomba lilikauka, mnyama ana kiu tu.”

Mwanatumu akasimama wima. Tangu utotoni alimwona mama akifuta ukuta ule, naye akidhani ni usafi!

“Mama! Kumbe huu ndio mstari wa Mwalimu!”

Akapiga hesabu ya bei za siku saba. Wastani ulikuwa bado unapanda. Akaondoa kidole.

“Na wastani ungekuwa unashuka, mama, ungemuuza?”

“Ningemuuza hata kama leo kajaza ndoo mbili, mwanangu. Na Kilua ningemkaribisha chai.”

Alasiri bei ilifika mia tisa na kumi. Mwanatumu akaketi chini akalia kwa kwikwi, mama akatoka mbio.

“Nani kafa?”

“Hajafa mtu, mama! Ada ipo!”

Alhamdulillahi, wakacheka wote wawili mpaka mbavu zikauma.

Wiki kadhaa zikapita, bei ikavuka elfu moja na mia mbili. Kisha wastani ukaanza kuinama, siku nne mfululizo. Siku ya tano bei ikaruka ghafla, na darasa zima likakimbilia kununua kwa vigelegele. Mwanatumu akatazama wastani, akaona bado unainama, naye peke yake akauza zote. Ada ikatimia, na nauli juu yake. Moyo ukamtua, akawa mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni.

“Una wazimu wewe?” wenzake wakamzomea. “Unauza leo, bei inavyofurika hivi?”

Yeye akafunga simu, akaitia mkobani, akawajibu bila haraka:

“Ng'ombe hapimwi kwa maziwa ya asubuhi moja.”