Kwa Nini Mnyoo wa Panya Ana Kichwa Chembamba kama Uzi

Hapo kale, ardhi ilipokuwa bado haijazoea kiangazi, mnyoo aliishi udongoni, na mwili wake ulikuwa mnene sawasawa toka kichwani hadi mkiani. Panya wa porini hawakujua maradhi ya tumbo. Walikufa kwa bundi, kwa nyoka, kwa uzee, basi.

Ukaja mwaka ambao mvua ilikataa kunyesha. Nalupi, panya jike aliyezika watoto watano kiangazi kile na kubakiwa na binti mmoja tu, Chitete, alikuwa akifukua mizizi aliposikia sauti chini ya kucha zake.

"Mama, udongo unaniunguza," mnyoo alisema. "Nisitiri tumboni mwako. Mvua ikinyesha nitatoka."

Nalupi alimtazama akijinyonganyonga mavumbini, akawakumbuka wanawe. Hakuweza kumwacha. Alimmeza mzima.

Mvua ikanyesha. "Mgeni wangu, nje kumelowa," Nalupi akamwita. "Toka sasa."

Mnyoo akajibu kutoka ndani: "Siwezi, mama. Nilikuwa nateleza, nikajishikiza. Kichwa changu kimezama katika ukuta wa utumbo wako, kimevutika mpaka kimekuwa uzi. Ukining'oa utapasuka."

Nalupi alitafuna majani machungu, akajinyima chakula, akajisugua tumbo kwenye mawe hadi manyoya yakanyonyoka. Mnyoo hakubanduka. Nalupi akaanza kuhara damu. Kisha akaona Chitete naye amekonda, mbavu nje, tumbo limefura.

"Na huyu umemwingiaje?"

"Mayai yangu hutoka na kinyesi chako," mnyoo akajibu kwa upole. "Yamo kwenye nyasi anazokula."

Kulipopambazuka Nalupi alimwacha mwanawe amelala, akaenda zake mbali ili asizidi kumchafulia malisho. Alivuka bonde baada ya bonde, na kila alikopita aliacha kinyesi. Alipogeuka kurudi, akawakuta panya wa mabonde yale wamejikunyata, matumbo yamefura. Nyumbani, Chitete alikuwa amekwisha kufa, chungu wameshamfikia. Nalupi akajilaza ubavuni pake, hakuinuka tena.

Toka mwaka ule hadi huu wetu, panya wa porini huzaliwa wazima, lakini waonjapo majani tu, mnyoo yumo. Wawindaji wakimpasua panya humkuta mnyoo amening'inia utumboni, kichwa uzi, mkia mnene, mfano wa mjeledi. Huyatupa matumbo kichakani wakashika njia yao. Nyasi za mahali pale huota vizuri, na panya wengine huja kuzila.