Kombe la Mwanaulu

Tone la maji lilianguka ndani ya ndoo. Likanyamaza, likaanguka jingine. Stima ilikuwa imepotea tangu magharibi, nyumba nzima giza, na watoto wamejilaza juu ya mkeka mmoja. Salha alikuwa bado ananung'unika kwamba daftari lake la kasida limelowa, na maulidi ni keshokutwa.

"Kombe husomwa likishafutwa," Bibi Khatu alimwambia.

"Bibi, kitu kikishafutwa kinasomwaje? Si ndiyo kimekwisha?"

"Huyu amelowa mpaka akili," kaka yake alisema, na wenzake wakacheka.

Bibi aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Methali hii ilianzia kwenye sahani. Sikilizeni."

Zamani, katika mji mdogo wa mawe ulio nyuma ya mikoko, palikuwa na msuka mikeka aliyeitwa Mwanaulu. Kuandika hakujua, ila kutunga alijaaliwa. Na watu wa mji ule hawakuanza jambo pasipo kumtaja Mola. Fundi wa milango alisema bismillahi kabla patasi haijagusa mti. Mwenye utenzi alianza kwa kumsifu Mungu, akamswalia Mtume, ndipo akasema lililomleta. Hivyo ndivyo walivyofunzwa, na utamu wa maneno yao ulitoka humo.

Mwanaulu alikuwa na binti mmoja tu, Mwanahija. Binti aliposwa na mtu wa bara ya mbali, mama alianza kumtungia utenzi wa dua. Alitunga huku akisuka, ukili mmoja kwa ubeti mmoja, na jua likipita dirishani alikuwa kama mtu anayeota macho wazi. Miaka miwili ikapita. Beti zikafika ishirini na nne, na kifua cha Mwanaulu nacho kikaanza kuuma.

Zikabaki siku mbili binti aondoke. Mama alijaribu kumfundisha kwa mdomo. Lakini Mwanaulu akisema mstari mmoja, kikohozi kinamkata, na Mwanahija akimwona mama anakohoa, analia. Hakuna lililoshika. Naye Mwanaulu alijua moyoni kwamba binti akivuka ng'ambo hawataonana tena. Kama maneno hayakwenda naye, basi yatazikwa pamoja na yeye.

Akatoa mkeka wake bora kwa mfanyabiashara, akapewa karatasi nne. Mjini hazikubaki nyingine. Asubuhi ya Alhamisi akampelekea Maalim Shee, mwandishi mwenye mkono mzuri kuliko wote.

"Niandikie maneno yangu, Maalim, mwanangu ayachukue."

"Niachie karatasi," alisema Maalim. "Nitengeneze mlango kwanza, kisha nitakuja uniambie yaliyomo ndani."

Maalim Shee alikuwa mcha Mungu, na kalamu yake ilimcha Mungu kuliko yeye. Aliandika bismillahi kwa wino mwekundu, akaizungushia maua. Akamsifu Mola kwa majina Yake. Akamswalia Mtume, akawataja masahaba, akawataja wema waliopita, kila herufi imesimama kama mtu aliye katika sala. Alisahau kula. Alisahau hata nani aliyemtuma. Alipoinua kichwa, alasiri imeingia, na chini kabisa ya karatasi ya nne palikuwa pameandikwa: *Na baada ya haya, mama anasema.*

Hapakuwa na nafasi ya neno jingine. Akageuza upande wa pili. Wino ulikuwa umepenya.

Alikwenda kwa Mwanaulu akitembea polepole, kama anayepeleka habari ya msiba. Akamsomea zote nne. Mwanaulu alisikiliza hali amefumba macho, kwa kuwa maneno yalikuwa mazuri kweli.

"Na mimi nasema nini?" aliuliza mwisho.

Maalim aliinama. "Wewe, mama, hujasema kitu. Nimejenga mlango, nyumba sikujenga."

Mwanahija alikaa pembeni akifunga nguo zake. "Maalim, umemsifu Mungu mpaka umemnyima mamangu pa kukaa," alisema.

"Mwanangu, chunga ulimi," mama alimkataza. "Mungu hajamnyima mtu nafasi. Karatasi ndiyo iliyokuwa fupi." Akamgeukia mwandishi. "Maalim, zafarani unayo?"

"Ninayo."

"Basi leta. Nitafutie na sahani nyeupe. Niandikie kombe."

Mnajua kombe. Aya na dua huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, husomewa, kisha huoshwa kwa marashi na maji, mgonjwa akayanywa.

Maalim alisita. "Kombe ni la aya, mama. Sijapata kuandika utenzi wa mtu kwenye kombe. Na tena mgonjwa ni wewe, si binti."

"Utenzi wangu wote ni dua. Je, kumwombea mtoto ni haramu?"

"Si haramu."

"Anza na aya ukingoni, kama desturi. Ila aya moja tu, Maalim," alisema Mwanaulu, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Ukiiona kalamu inanogewa, mkumbuke mwenye sahani."

Basi wakaanza. Sahani ilibeba beti tatu tu. Mwanaulu alinong'ona, Maalim akaandika. Kwa kuwa kombe halinywewi bila kusomewa, Mwanahija, aliyekuwa amehitimu chuo cha Kurani akijua kusoma, si kuandika, alisoma kwa sauti mara tatu. Halafu wakamimina marashi na maji, maandishi yakalegea, yakaelea kama nyuzi za dhahabu, yakawa rangi tu. Mwanahija akanywa. Sahani ikakauka, wakaandika tena. Chumba kikanukia marashi, na sauti ya binti ilipanda na kushuka mpaka majirani wakasita barazani. Sahani nane. Safari hii hakulia, maana huwezi kulia na kunywa kwa pamoja.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Mwanahija aliondoka mikono mitupu. Mwezi ule haukuisha, Mwanaulu akafariki.

Maalim Shee hakuwa na raha. Kurasa nne za sifa zilikaa kwake, na *mama anasema* ikawa inamtazama kila akizifungua. Ikapita miaka minane. Siku moja alipata karatasi, akazifunga pamoja na zile, akasafiri mpaka bara kumtafuta Mwanahija. Njia nzima aliogopa. Huenda binti amesahau, na kosa lile litabaki lake mpaka kaburini.

Alipofika mtaa alioelekezwa, alimkuta mtoto wa kike amekaa kizingitini anachagua mchele, akiimba polepole kama anayejibembeleza:

*Ukilala ugenini,*
*dua yangu i shukani,*
*na ajaye wa tumboni*
*naye nimemuombea.*

Maalim alisimama. Akakaa chini pale pale mavumbini na karatasi zake. Mtoto akakimbilia ndani, na Mwanahija akatoka kwa haraka, akamtambua.

"Maalim, shikamoo. Nimeambiwa kuna mzee ameanguka."

"Marahaba, mwanangu. Sikuanguka. Nilikuja kukuuliza kama umebaki na chochote, maana sahani niliiosha mwenyewe kwa mkono huu."

"Ninazo zote ishirini na nne," alisema Mwanahija. "Sijui ni zafarani au ni kule kuzirudia. Mimi huziimba nikipika, na huyu Saada amezishika bila mtu kumfundisha."

Maalim akafungua wino hapo hapo, akasema taratibu, "Kumbe kombe husomwa likishafutwa." Akamgeukia mtoto, akamwomba aurudie ule ubeti ili auandike.

Saada aliurudia, Maalim akauandika, kisha mtoto akaweka kidole kwenye mstari wa tatu uliokuwa bado haujakauka, akasema, "Hapa bibi ananitaja mimi."