Nakala Haina Masikio

Nakala haina masikio. Methali hii ilianza hivi, wanangu, na msiitafute kitabuni. Ilianzia karakanani kwetu Tanga, na aliyekosea ni mimi.

Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu, nachora kwa kompyuta. Tulitengeneza puli, yale magurudumu yanayozungushwa na mkanda, za mashine za kusaga mahindi, aina tano, zilizotofautiana tundu la katikati tu. Kwa haraka zangu nilichora moja, nikainakili mara nne, nikabadilisha tundu katika kila nakala.

Mkereza chuma alikuwa Mzee Semboja. Hata leo nikinusa mafuta ya mashine namwona, kofia kisogoni, akiimba huku nyuzi za chuma zikijikunja miguuni pake.

Siku moja tukagundua kuwa mfereji wa mkanda hauna kina cha kutosha, mikanda inaruka. Nikaongeza kina milimita mbili kwenye mchoro wa kwanza, nikaridhika.

Mwezi uliofuata zikarudishwa puli kumi na mbili. Mikanda bado inaruka.

"Mchoro ulirekebishwa?" akaniuliza meneja, Bwana Mhina.

"Ulirekebishwa."

"Basi ni macho ya mzee. Semboja, nenda nyumbani ukalee wajukuu."

"Wajukuu wana mama zao," mzee akajibu. "Mimi nimekereza nilichochorewa." Akanikunjulia karatasi ya mchoro iliyolowa mafuta. "Hebu soma, binti, wewe mwenye macho mapya."

Nikasoma. Kina kilikuwa kilekile cha zamani. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, na kunyamaza kungekuwa rahisi.

"Bwana Mhina, kosa ni langu. Nilirekebisha mchoro wa kwanza. Nakala nilizisahau."

Mzee Semboja akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Kumbe ulimnong'oneza mama, ukadhani wana wamesikia! Binti, nakala haina masikio."

Meneja hakucheka, lakini habari ya wajukuu hakuirudia tena.

Juma lile nikafuta nakala zote. Nikabakiza mchoro mmoja wenye jedwali la matundu matano. Ukigusa mfereji mara moja, puli zote zinabadilika. Mzee naye akawa anaiandaa mashine mara moja asubuhi, kisha anabadilisha keekee ya kutoboa tundu tu. Alikereza miaka minne zaidi, akaondoka siku aliyoitaka mwenyewe.

Kwa hiyo ukisahihisha jambo, usijidanganye kwamba habari zitafika zenyewe. Nenda ukaseme kila mahali ulipoliacha, au usilitawanye tangu mwanzo. Nakala haina masikio.