Bonde Lililokua Bila Watu Wake

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa bonde.
Bonde la nani?
La wote.
Na mavuno yake?
Ya mmoja.
Basi sogeeni niwaeleze.

Bonde hilo mfalme wake alikuwa Kiboko. Kila baada ya mavuno bonde zima lilipimwa. Gogo refu lililazwa juu ya jabali, ukingoni mwa korongo. Wanyama wote, Kiboko akiwa katikati yao, walikaa upande wa nchi kavu. Upande wa pili, juu ya korongo, lilining'inia tenga la mawe. Mawe yakizidi ya mwaka jana, Hondohondo mpiga mbiu alitangaza, "Hoo, hoo, bonde limekua!"

Na kweli lilikua. Mtama wote uliingia tumboni mwa Kiboko, gwagu, gwagu, gwagu. Swala akakonda, bonde likakua. Kobe akakonda, bonde likakua.

Bi Pimbi, mjane mdogo wa kule mawemawe, alikuwa na mtoto mmoja tu, Sikujua. Mtoto akaishiwa nguvu kwa njaa. Mama akaenda kuomba konzi moja ya mtama.

"Bonde limekua mara mbili," alisema Kiboko, "nawe unalia njaa?"

"Mwanangu hajakuona huko kukua, mfalme."

"Mlete kwenye mizani, naye ahesabiwe."

Asubuhi ya kupima, Sikujua akakata roho mgongoni mwa mamaye. Bi Pimbi akaomba ruhusa ya kuzika.

"Tukishapima," alisema Kiboko. "Hata maiti ina uzito."

Bi Pimbi hakulia mbele yake. Moyo ulimwaka, lakini akili ilitulia tuli. Akapiga magoti. "Mfalme, mbona unajichanganya na sisi makapuku? Waambie watoe mawe, ukae wewe kule mwisho. Majirani waone kwamba peke yako una uzito wa bonde zima."

Kiboko akavimba kichwa. Wanyama wakakaa upande wao, naye akatembea juu ya gogo, di, di, di, mpaka juu ya korongo. Gogo likalia kriii, likasimama sawa.

Hapo Bi Pimbi akashuka, maiti ya mwanawe mikononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kuzika."

"Ukishuka, bonde litapungua."

"Litapungua, mfalme."

Sasa mila ya bonde lile ilikuwa hii: maiti ikipita, hakuna anayebaki amekaa. Bi Pimbi aliijua. Kiboko hakuwahi kwenda mazishini hata siku moja.

Swala akashuka, gogo kri. Kobe akashuka, gogo kri. Ngiri akashuka, gogo kriii.

"Kaeni," Kiboko alibembeleza. "Kaeni, nitawagawia."

Wakashuka wote. Puuu!

Hondohondo akatangaza huku analia kwamba bonde limeanguka, limebaki nusu. Majirani wakatuma rambirambi. Jioni ile kila chungu kilichemka. Bi Pimbi alipakuliwa wa kwanza, bakuli pomoni. Alikula machozi yakimtoka, kwa kuwa konzi moja tu ingetosha, juma moja kabla.

Ngano yangu naitua hapa, mwenye bega aibebe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukishakalishwa kwenye mizani, usishuke. Litazameni bonde lile lilivyofukarika, halina hata mnene mmoja wa kuwaonyesha wageni.