Suruali ya Fisi Kisimani

Mwaka ambao mvua ililisahau bonde la Mbelele, maji yalibaki katika kisima kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya uwanja wa gofu wa Simba. Simba aliyatumia kunyweshea nyasi. Watoto wa Sungura walikuwa wakilamba umande, na sasa umande nao ulikuwa umekwisha.

Wanyama walipomlilia, Simba alisema, "Chezeni gofu. Mshindi nitampa ufunguo wa kisima mpaka mvua irudi. Lakini asiyevaa nguo za gofu haingii uwanjani kwangu."

Yeye mwenyewe alivaa suruali pana ya waridi yenye mistari ya kijani, na kofia yenye kishada juu. Hakuna aliyecheka, kwa sababu meno yake walikuwa wanayaona.

Waliojitokeza ni wawili. Sungura alikuja na shati la kuazima lililomfika vifundoni. Fisi alikuja na suruali ya miraba ya zambarau na manjano, pana kama magunia mawili, yenye mkanda mweupe kiunoni na utepe chini ya magoti. Wengine waliiita kaptula. Haikuwa kaptula, wala haikuwa suruali ndefu. Ilikuwa aibu iliyoshonwa vizuri.

"Mjomba Fisi," Sungura akasema, "ulimkosea nini fundi?"

"Cheka tu, mpwa wangu. Nikiupata ufunguo, kila ndoo kwa mfupa. Wewe utaniletea mifupa ya nani?"

Wakacheza. Mpira wa Fisi ukaingia kwenye miiba. Akaufuata, akatingisha mguu, na mara mpira ukaonekana kwenye nyasi nzuri. Sungura alipopita pale kwenye miiba aliuona mpira wa kwanza ungali umelala. Hakwenda kushtaki. Alijua kwamba Simba hatazami mipira. Hutazama kivuli chake.

Shimo la mwisho lilikuwa kando ya kisima, nao walikuwa sawa. Fisi akapiga, mpira ukatumbukia kisimani, chubwi. Akazunguka kidogo, akatingisha mguu. "Huu hapa, karibu na shimo."

"Umetoka majini ukiwa mkavu?"

"Jua kali, mpwa wangu."

Sungura akamwendea Simba, akainama. "Mtukufu, wenzangu wanauliza mfalme wa leo ni nani. Wanasema suruali ya Fisi ni pana kuliko yako. Mimi sijapima."

Simba akageuka polepole. "Fisi, fungua huo utepe."

"Mtukufu, miguu yangu haipendi upepo."

"Fungua."

Mipira ikamwagika, ikabingirika hadi kwenye viatu vya Simba. Suruali ikanywea.

"Kumbe si upana, ni mipira," Simba akasema kwa furaha. "Basi yangu ndiyo pana." Kisha akakumbuka kwamba yeye pia ni mwamuzi. Akampa Sungura ufunguo, akamnyang'anya Fisi mkanda.

Sungura akafungua kisima, kila mmoja akateka bila mfupa. Watoto wake walikunywa mpaka wakalala palepale.

Fisi alikuja mwisho, ameishika suruali kwa mikono yote miwili. Ndoo ya kisima kile huvutwa kwa mikono miwili. Akaitazama kamba. Akawatazama wanyama, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Kiu ikamshinda, akavuta.

Tangu hapo Fisi hana suruali, na ukimwuliza sababu, hucheka tu.